Kuhudumia watu kwa Kiwelisi: mwongozo wa aliyekaa ndani ya kaunta

Ukipata kazi mapokezi ya halmashauri kule Wales, au kwenye maktaba yake, kitengo cha makazi ama huduma za wazee, siku ya kwanza utapewa kamba ya kitambulisho, nywila ya kompyuta na makaratasi ya kusaini. Katikati ya makaratasi hayo imo orodha ndefu ya masharti ya lugha. Mimi niliisaini bila kuisoma. Wiki ya pili akaja bibi mmoja dirishani, fomu ya kodi mkononi, akasema maneno mawili matatu kwa Kiwelisi, lugha ya asili ya Wales. Nikamkodolea macho. Akatabasamu, akahamia Kiingereza mwenyewe, tukamalizana kwa dakika tano, akanishukuru akaenda zake. Nikajiona nimefanya kazi safi. Dada aliyekuwa ananifundisha kazi akaniambia polepole, "Leo umemfundisha kwamba hapa Kiwelisi hakipokelewi. Hatajaribu tena."

Mwongozo huu ni wa mtu kama nilivyokuwa siku ile: Kiwelisi hukijui, au unajua salamu tu, lakini huduma ya Kiwelisi lazima itoke kwenye dawati lako. Inawezekana kabisa. Ila kuna jambo moja la kulishika kabla ya mengine: mwananchi hatakiwi kuomba. Ofisi ndiyo inayotangulia. Wenyewe huliita *cynnig rhagweithiol*, yaani kumfungulia mtu mlango wa lugha yake kabla hajabisha hodi. Kila Mwelisi anajua Kiingereza, au karibu kila mmoja, na kwa kuwa ni watu wa adabu hawapendi kumsumbua karani. Ukisubiri waombe, hawataomba, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba hakuna anayekihitaji.

Hatua ya 1: Jua deni unalolipa

Usiruke sehemu hii, maana bila hiyo masharti yote utayaona ni usumbufu wa makaratasi.

Mwaka 1536 sheria iliyoiunganisha Wales na Uingereza ilifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya mahakama, na asiyejua Kiingereza hakuweza kushika ofisi ya serikali. Ikawa hivyo kwa karne nyingi. Mwaka 1952, katika kijiji cha Llangennech karibu na Llanelli, mchimba makaa Trefor Beasley na mkewe Eileen walikataa kulipa kodi ya nyumba mpaka wapelekewe hati ya madai kwa Kiwelisi. Eneo lile karibu watu wote walikuwa wakizungumza Kiwelisi, madiwani na makarani wakiwamo. Halmashauri ikawapeleka mahakamani, tena na tena. Madalali wa mahakama wakaja kubeba vyombo vya ndani, kinanda kikiwamo. Ilikuwa 1960 ndipo ile hati ilipofika ikiwa na lugha zote mbili. Miaka minane kwa karatasi moja ya kodi!

Sheria ya kwanza ya lugha ilipita 1967, mwaka uleule Tanzania ilipotunga sheria ya kuunda BAKITA. Ilikuwa nyepesi. Ya 1993 ikazitaka taasisi za umma ziwe na mpango wa lugha. Ile yenye meno ni ya 2011: ilikipa Kiwelisi hadhi rasmi, ikaweka Kamishna wa Lugha, na ikaleta viwango, yaani masharti ya lugha ambayo kila taasisi hupewa kwa hati yake yenyewe. Halmashauri zote 22 zimo, na mamlaka za hifadhi za taifa tatu zimo. Kanuni za viwango vya halmashauri zilitungwa 2015, na utekelezaji wake ulianza 30 Machi 2016. Ukivikiuka, Kamishna anaweza kuchunguza, kuamuru urekebishe, na hata kutoza faini isiyozidi pauni 5,000. Hela yenyewe si nyingi kwa halmashauri. Kinachouma ni matokeo ya uchunguzi kutangazwa hadharani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mikono: tafuta hati ya halmashauri yako. Kwa Kiwelisi inaitwa *hysbysiad cydymffurfio*, na lazima iwe kwenye tovuti. Usitumie ya jirani, maana hazilingani. Sharti moja laweza kuwabana halmashauri ya Gwynedd, kule kaskazini-magharibi, leo na wengine wakawa wamepewa muda. Soma viwango vinavyohusu utoaji wa huduma kwanza. Vinavyohusu sera, uendeshaji wa ndani, ukuzaji wa lugha na utunzaji wa kumbukumbu vina wenyewe ghorofa ya juu.

Hatua ya 2: Jua watu wako

Katika sensa ya 2021, watu wapatao 538,300 wenye umri wa miaka 3 na kuendelea walisema wanazungumza Kiwelisi, sawa na asilimia 17.8. Lakini wastani huo hauwezi kukusaidia kupanga zamu. Gwynedd ni asilimia 64.4, na halmashauri yake huendesha hata kazi za ndani kwa Kiwelisi. Kisiwa cha Môn ni 55.8, Ceredigion 45.3. Cardiff, mji mkuu, ni 12.2. Blaenau Gwent, kwenye mabonde ya makaa ya kusini, ni 6.2.

Anayefanya kazi Blaenau Gwent atakwambia, "Sasa kwa nini tuhangaike?" Jibu ni kwamba haki haihesabiwi kwa wingi wa vichwa, na pia takwimu hazionyeshi nani anakihitaji zaidi. Serikali ya Wales, katika mpango wake wa afya na ustawi wa jamii uliozinduliwa 2012, ilitaja makundi ya kuangaliwa kwanza: watoto, wazee, watu wenye ulemavu wa kujifunza na wenye matatizo ya afya ya akili. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza kwanza ile lugha aliyojifunza baadaye. Amefanya kazi kwa Kiingereza miaka arobaini, leo kimemtoka, amebaki na ya mama yake. Ukimpima akili kwa Kiingereza utaandika mambo yasiyo kweli. Kama bajeti haitoshi, anzia kwa watu hawa, kabla ya kuchapisha vipeperushi vya rangi.

Hatua ya 3: Salamu na beji

Hii ndiyo hatua niliyoshindwa mimi, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Msalimie kila anayekuja kwa Kiwelisi kwanza, kisha Kiingereza. Kila mtu, hata yule ambaye sura yake inakwambia si wa hapa. (Mimi sura yangu ingekwambia nini?) Asubuhi ni *bore da*, mchana ni *prynhawn da*. Karibu ni *croeso*, asante ni *diolch*.

Hapa Mswahili ana bahati yake. Kiwelisi husomeka kwa kanuni, kama chetu, na sauti zinazowashinda wengi sisi tumezaliwa nazo. *Dd* ni ile *dh* ya dhahabu. *Th* ni ya thelathini. *Ch* ni *kh* ya watu wa pwani wanaosema "kheri" kwa koo. *F* moja ni *v*, *ff* mbili ndiyo *f* yetu, na *w* mara nyingi ni irabu *u*, ndiyo maana *cwm*, bonde, hutamkwa "kum". *Bore da* tamka kama ilivyoandikwa. Kitakachokutoa jasho ni *ll*: weka ulimi kama unasema *l*, halafu puliza hewa pembeni. Usijali ukikosea. Wataifurahia.

Kisha beji. Kamishna hutoa alama ya *Iaith Gwaith*, kiputo cha maneno cha rangi ya chungwa, huvaliwa na mfanyakazi anayeweza kuhudumia kwa Kiwelisi. Ipo pia ya anayejifunza. Weka na kibao kaunta kinachosema Kiwelisi kinakaribishwa. Lakini angalia zamu: nimeona kibao kimesimama na mwenye beji yuko likizo wiki nzima. Kibao cha namna hiyo ni bora kingelazwa.

Mteja akiendelea kwa Kiwelisi nawe hujui, usigeukie Kiingereza kimyakimya. Jifunze sentensi moja: *Un funud, os gwelwch yn dda*, dakika moja tafadhali. Inuka, mwite mwenzako. Kama hayupo, piga simu ya ndani umuunganishe na ofisi nyingine. Kama hata huko hakuna mtu, mweleze wazi, muulize kama angependa apigiwe baadaye na anayejua, na uandike namba yake. Achague yeye. Akisema "basi tuendelee kwa Kiingereza", hapo ni hiari yake, na itakuwa tofauti kabisa na ule unyonge niliomwachia yule bibi.

Usimwambie kamwe, "Lakini si unajua Kiingereza?" Aliyewahi kujibiwa hivyo benki ya Nairobi baada ya kuanza na Kiswahili anajua linavyochoma.

Hatua ya 4: Simu

Simu ipokelewe kwa salamu ya Kiwelisi, na anayepiga aambiwe kuwa huduma ya Kiwelisi ipo. Kama ni mashine, chaguo la Kiwelisi litajwe mwanzo, kwa Kiwelisi. Kiwango kinataka pia ubora uwe sawa: haifai foleni ya Kiingereza ihudumiwe kwa dakika mbili, na ya Kiwelisi ipige muziki robo saa. Huo ndio ugonjwa wa kawaida, kwa sababu laini ya Kiwelisi huwa na watu wawili na mmoja akienda chai imebaki roho moja. Wapangie chai kwa kupokezana. Ni jambo dogo, lakini huduma nyingi hufia kwenye chai.

Halmashauri nyingi huruhusiwa kuzungumza na mpigaji kwa Kiwelisi mpaka suala linapomfikia mtaalamu asiyejua lugha. Uhamisho huo ufanywe kwa heshima: mpokeaji amwambie mtaalamu shida nzima, ili mwananchi asianze hadithi upya kwa lugha nyingine.

Hatua ya 5: Barua na fomu

Kanuni ya barua ni fupi: iliyokuja kwa Kiwelisi ijibiwe kwa Kiwelisi. Chini ya kila barua pepe kuwe na mstari unaosema barua za Kiwelisi zinakaribishwa na hazitacheleweshwa. Ukiuweka mstari huo uutekeleze, yaani usiweke barua ya Kiwelisi pembeni ikisubiri tafsiri wakati saa ya kujibu inaenda.

Unapoanza mawasiliano na mtu, muulize anapenda lugha gani, na uandike kwenye kumbukumbu zake. Andika mahali ambapo kila kitengo kitaona. Watu huchoka kuulizwa na kodi, wakaulizwa tena na takataka, wakaulizwa tena na shule. Kama hujui anapenda ipi, tuma zote mbili. Barua ya lugha mbili ni salama kuliko kukisia kwa jina la ukoo. Kiwelisi hakikai kwenye jina, na majina ya Jones wasiojua hata *diolch* ni mengi.

Sasa tuingie kwenye kompyuta, ambako watu wa teknolojia huaibika.

Kwanza, herufi. Kiwelisi kina kofia juu ya irabu, pamoja na *ŵ* na *ŷ* ambazo mifumo mingi ya zamani haizijui. Nyumba ni *tŷ*, maji ni *dŵr*. Mfumo usiozijua hugeuza nyumba kuwa *t?*, na hilo ni neno ambalo halmashauri hulitumia kila siku. Pima kabla ya kununua: mwambie muuzaji aandike *tŷ* na *dŵr* kwenye kila kisanduku, achapishe, na umwangalie usoni.

Pili, maneno hubadilika mwanzoni. Mwingereza huona ajabu, ila sisi tunaosema ulimi na ndimi, ukuta na kuta, hatushangai. Cardiff ni *Caerdydd*. Kwenda huko ni *i Gaerdydd*, kuwa humo ni *yng Nghaerdydd*, na ukisema "na Cardiff" ni *a Chaerdydd*. Sasa fikiria barua ya kompyuta yenye sentensi "Unaishi katika ____", nayo inajaza jina la mji peke yake. Itatoka *yn Caerdydd*, kosa ambalo mtoto wa shule hacheki, analia. Dawa yake ni kutoliweka jina la mji ndani ya sentensi. Liandike baada ya nukta mbili: anwani, kisha mji, umalize. Tatizo hilohilo linaingia kwenye kutafuta: mtu akiandika *Gaerdydd* kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti, mfumo uelewe ni *Caerdydd*.

Tatu, idadi. Mbili, tatu na nne zina sura mbili kufuata jinsia ya nomino, kama sisi tusivyoweza kusema "watoto mbili" (Nairobi wananisamehe). Usiruhusu kompyuta ibandike tarakimu kwenye neno bila mtu kuangalia.

Nne, na hii huwapiga wengi chenga: Kiwelisi hakina neno moja la "ndiyo" linalofaa kila swali. Jibu hufuata kitenzi kilichouliza. "Je, unaishi hapa?" hujibiwa *ydw*, "Je, kuna watoto nyumbani?" hujibiwa *oes*, na swali la jambo lililopita hujibiwa *do*. Kwa hiyo fomu yenye vitufe vya ndiyo na hapana haiwezi kutafsiriwa mara moja ikarudiwa chini yote. Kila swali lipate jibu lake, au maswali yaandikwe upya.

Kwenye tovuti, kila ukurasa wa Kiingereza uwe na kiungo kinachokupeleka kwenye ukurasa *uleule* wa Kiwelisi. Kile kitufe kinachokurudisha ukurasa wa mbele uanze kutafuta upya ni njia ya adabu ya kumfukuza mtu. Fomu ya mtandaoni nayo iwe ya Kiwelisi hadi mwisho, mpaka ile barua pepe ya "tumepokea ombi lako".

Hatua ya 6: Tafsiri, na lile bango la Swansea

Mwaka 2008 halmashauri ya Swansea ilihitaji bango la barabarani la kukataza malori makubwa kuingia eneo la makazi. Wakatuma maneno ya Kiingereza kwa mtafsiri kwa barua pepe. Jibu likarudi upesi, kwa Kiwelisi. Wakalichapa kwenye bango, wakalisimamisha. Waliojua lugha wakasoma: "Sipo ofisini kwa sasa. Tumeni kazi yoyote ya kutafsiriwa." Lilikuwa jibu la moja kwa moja la barua pepe.

Miaka miwili kabla ya hapo, kati ya Cardiff na Penarth, kulikuwa na bango la kuwaambia waendesha baiskeli washuke, ambalo Kiwelisi chake kilizungumzia uvimbe wa kibofu cha mkojo. Na jijini Cardiff kibao cha wavuka barabara kiliwaambia wasomaji wa Kiingereza waangalie kulia, wa Kiwelisi kushoto. Hilo la mwisho halichekeshi sana ukifikiria magari.

Watu husimulia mabango haya wakiwacheka watafsiri. Mimi nawaona wakosaji wengine. Hapakuwa na mtu hata mmoja anayesoma Kiwelisi kwenye mnyororo mzima, kuanzia aliyeagiza, aliyechapa, mpaka aliyechimba shimo la nguzo. Kwa hiyo:

Tumia mtafsiri mwenye sifa. Chama cha watafsiri, *Cymdeithas Cyfieithwyr Cymru*, kilichoanza 1976, hupokea wanachama kwa mtihani. Maandishi ya mwisho, yakishapangwa tayari kwa kuchapwa, yasomwe tena na anayejua lugha, kwa sababu mpanga kurasa huweza kukata neno katikati au kubadilisha mistari. Tafsiri ya mashine itumie kuelewa barua iliyoingia, usiitume nje bila mtu kuipitia.

Usimgeuze karani anayezungumza Kiwelisi kuwa mtafsiri wa bure. Kuongea na kutafsiri ni fani mbili, na yeye ana kazi yake. Ukimwonea hivyo ataanza kuficha kwamba anaijua lugha. Nimemwona mmoja akivua beji.

Kwa istilahi, serikali ya Wales ina hazina yake, *BydTermCymru*, iliyo wazi kwa wote, na Chuo Kikuu cha Bangor kimetengeneza *Cysill*, programu ya kusahihisha tahajia na sarufi. Mwambie mtafsiri aandike Kiwelisi chepesi. Kuna tabia ya kuvisha lugha ndogo suti nzito ili ionekane ya maana, mwisho msomaji anakimbilia upande wa Kiingereza. Na chagua neno la eneo lako: "sasa" kaskazini ni *rŵan* na kusini ni *nawr*, neno moja lililosomwa kinyumenyume, maziwa kaskazini ni *llefrith*, kusini *llaeth*. Mtu wa Pemba na mtu wa Lubumbashi wataelewa tunalosema.

Mabango mapya na yanayobadilishwa yaweke Kiwelisi mahali kitakaposomwa kwanza. Matangazo ya kipaza sauti vilevile, Kiwelisi kitangulie.

Hatua ya 7: Mkutano wa hadhara

Tangazo la mkutano liseme kwamba yeyote anaruhusiwa kuchangia kwa Kiwelisi. Kwa mikutano ya walioalikwa, waulize mapema. Wakifika asilimia 10 ya walioalikwa wanaotaka Kiwelisi, viwango vya halmashauri vinakutaka ulete mkalimani wa papo kwa papo, isipokuwa kama mkutano wote utakuwa wa Kiwelisi.

Ukalimani huu kwa kawaida huenda upande mmoja tu: Kiwelisi kwenda Kiingereza. Asiyejua Kiwelisi ndiye anayevaa vipokea sauti vya masikioni, kwani anayejua Kiwelisi anasikia zote mbili. Hapo pana mtego. Vifaa vikiwa vimebaki kwenye boksi nyuma ya ukumbi, mzungumzaji wa kwanza akaanza kwa Kiwelisi, watu kumi watainuka kwenda kuvichukua, viti vitakwaruza, yeye ataona haya, atamalizia kwa Kiingereza. Basi gawa vifaa mlangoni, kwa kila mtu, kabla hajaketi. Mwenyekiti afungue kwa Kiwelisi, hata sentensi mbili za kuandikiwa, ili watu wavivae mapema na mkalimani apime sauti. Mpe mkalimani ajenda, majina na takwimu siku moja kabla. Na mkutano wa mtandaoni, tumia programu yenye njia ya ukalimani, ujaribu mapema na mkalimani mwenyewe.

Hatua ya 8: Watu wa kuifanya kazi

Kila nafasi mpya au iliyoachwa wazi lazima ipimwe: Kiwelisi ni lazima, kitajifunzwa baada ya kuajiriwa, kitamfaa mwombaji, au hakihitajiki. Wakubwa hupenda "kitamfaa", kwa kuwa haliudhi mtu na halibadilishi kitu. Piga hesabu ya dawati badala ya mtu: dawati hili lahitaji wangapi ili asubuhi na jioni asikosekane mmoja? Kisha jaza pengo.

Kujifunza kupo na halmashauri hulipia. Kituo cha taifa cha kufundisha Kiwelisi kina kozi za mahali pa kazi, kuanzia ngazi ya *Mynediad*, yaani mlangoni. Ila wenye shida kubwa si wageni kama mimi. Ni Wawelisi wenyewe, walioongea Kiwelisi nyumbani tangu utotoni lakini hawajawahi kuandika barua ya kiofisi kwa lugha hiyo. Watakwambia Kiwelisi chao hakitoshi, kwa sauti ileile ambayo mtu wa Nairobi husema Kiswahili chake ni kibovu. Waanzishie kwa kuongea, simu na kaunta. Uandishi utafuata.

Hatua ya 9: Jipigie mwenyewe

Kila mwaka halmashauri hutoa ripoti: malalamiko mangapi, wafanyakazi wangapi wanajua lugha, nafasi ngapi zilitangazwa kwa sharti gani. Ripoti hizo ni nzuri, lakini hujazwa na watu wa ndani. Mlalamikaji naye ana njia mbili, kwenu au kwa Kamishna moja kwa moja, na wengi hawatumii hata moja.

Kwa hiyo Ijumaa saa kumi alasiri, toka nje ya jengo na simu yako. Piga namba kuu ya ofisi, chagua Kiwelisi, uangalie saa. Kama hujui lugha, mwombe anayejua akusaidie, asiwe mtu ambaye sauti yake inafahamika. Tuma barua pepe moja kwa Kiwelisi na nyingine ya Kiingereza siku hiyohiyo, uone ipi itajibiwa kwanza. Fungua tovuti kwenye simu, ingia ukurasa wa takataka, bonyeza *Cymraeg*, uone unatua wapi. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye ofisi yetu, simu iliita, ikaita, ikaingia kwenye kinasa sauti. Salamu ya kinasa sauti ilikuwa ya Kiingereza peke yake. Jumatatu asubuhi tulianzia hapo.